Kimya cha Otonglo

…na kimya chenyewe ndicho kinachomuua, hata mbwa habweki, hata jogoo wa jirani amefundishwa adabu, Seline anakoroga chai iliyokwisha kukorogwa na huyu Oyugi mwenye hoteli amesimama kando ya meza na chupa ya chai mkononi, oyawore Mama, umelala vizuri? hapa kwetu Otonglo ni kutulia tu, si kama kule Dunga kwa watalii, kule unalipa pesa mingi na unasikia muziki usiku yote… kulala gani, nani alimwambia amekuja Kisumu kulala, amekuja kwa ajili ya Maryanne, bintiye wa pekee, aliyejifungua kwa kupasuliwa wiki hii, yuko hapo tu ng'ambo ya barabara ya Busia, paa lao linaonekana dirishani, na chini ya paa hilo usiku kucha mjukuu amelia na aliyeamka kumbeba ni Naswa, jirani, mwanamke mwema, ndiyo, Mungu ambariki, lakini apishe huko… alfajiri Maryanne alipiga simu akinong'ona, Mama, mtoto amekataa kunyonya, lakini Naswa yuko, usijali, usijali! asijali vipi… na yote Seline aliyataka mwenyewe, nani alimtuma kumpigia simu mkwewe Joram kutoka kwake Bondo na kutamka kwa sauti ya mimbarini kwamba mama mkwe halali katika nyumba ya mume wa bintiye, mila ni mila, akijua kabisa siku hizi watu wa mjini wanalegeza, akitaka tu abembelezwe, Joram aseme hapana Mama, hapa ni kwako, naye akatae mara moja, mara mbili, kisha akubali shingo upande, lakini Joram na heshima zake zilizopitiliza akajibu, sawa Mama, nimeelewa, nitakutafutia mahali pazuri, na akatafuta kweli, kitanda kipana, maji moto, neti isiyo na tundu, bei ya kumfanya mtu ashukuru, sasa utamlaumu kwa lipi, mwiba wa kujichoma hauambiwi pole… Mama, nikuletee mayai? ayapeleke mayai yake huko, hapana baba, nimeshiba, ero kamano, asante, ameshiba nini, ameshiba hasira, na hasira yenyewe haina pa kushika, jana jioni hajamaliza hata kumpakata mtoto Joram akasimama kwa adabu, Mama, nikusindikize ukapumzike, na leo itakuwa hivyo hivyo, au amwambie mwanangu, nilikuwa natania? ukwe hautaniwi, aibu hiyo ataizika wapi, au arudi Bondo amwachie Naswa mjukuu, thubutu… kulala, kulala, ngoja kwanza, wazee walikataza nini hasa, walikataza kulala, mama mkwe asijinyooshe chini ya paa la mkwewe, basi, kiti je, nani alikataza kiti, nani alikataza mtu kukaa macho, miguu yake ni mibovu lakini macho anayo, atakaa kwenye kiti cha plastiki kando ya Maryanne, mtoto kifuani mpaka kuche, Naswa akapumzike, usingizi atakuja kuumalizia huku mchana, na Joram akiinuka jioni kumsindikiza atamwambia keti, mwanangu, kwani ni nani amesema analala.