Mkono wa Kushoto wa Ottfried

Jumapili hiyo asubuhi, ukumbi wa kile kiwanda cha zamani cha utepe, mjini Wuppertal, ulifurika. Wapo waliofuata muziki, wapo waliofuata bia, na wapo, tusidanganyane, waliokuja kuhakikisha kama Ottfried Klapproth bado anapumua. Habari zilikuwa zimeshazagaa: kiharusi kidogo kilimpitia mwezi wa nne, daktari kamkataza kupuliza saksafoni, naye kamwambia daktari akapenge kamasi zake.

Mkewe, Mechthild, akambana Wieland, mpiga ngoma, mlangoni.

"Shemeji, wewe ndiye unayemtazama usoni. Ukiona chochote, simamisha."

"Nitasimamisha."

"Niapie."

"Haki ya Mungu. Sasa nipishe shemeji, bia yangu inaishiwa povu."

Kuapa ni rahisi. Tangu ujana wao, Wieland na Ottfried hawakufanya mazoezi wala kupanga wimbo. Mmoja alianza, mwenzake akajibu. Kumkatiza mwenzako lilikuwa tusi baya kuliko la mama. Enzi hizo watu waliwazomea na kuwarushia mabaki ya soseji. Leo walewale wanaleta wajukuu, wanadai waliwapenda tangu siku ya kwanza.

Wieland akakaa nyuma ya ngoma zake, Ottfried akanguruma kwa saksafoni.

"Bomoa nyumba, mzee!" mmoja akapayuka kutoka nyuma, watu wakaangua kicheko.

Katikati ya ngurumo mkono wa kushoto ukamwanguka, ukaning'inia. Wieland aliuona. Lakini kupiga kwa mkono mmoja ulikuwa mchezo wa Ottfried tangu zamani; ananichokoza huyu, Wieland akawaza. Sauti ikatoka imepinda, imejaa mate, kama mlango unaokwaruza sakafu, na ilikuwa nzuri ajabu. Akaijibu taratibu kwa brashi za waya juu ya ngoma. Ikaja tena, imepinda zaidi. Akaijibu tena. Wawili hao hawakuwahi kuelewana vile.

Ndipo Ottfried akaporomoka, saksafoni ingali shingoni. Ukumbi mzima ukasimama, vifijo na nderemo. Aliyekimbilia jukwaani ni Mechthild peke yake.

Hospitalini, daktari alipokwisha kutoa pole za msiba na kuondoka, Mechthild alimgeukia Wieland.

"Uliuona mkono?"

"Niliuona."

"Mapema?"

"Mapema."

"Ukafanya nini, Wieland?"

Hakumwita shemeji. Wieland alitafuta uongo, hata mdogo, akaukosa.

"Nilimjibu."