Kasoro za Landrova ya Mzee Masolwa

Kwa wiki mbili nzima, nyumbani kwa Mzee Masolwa, Kitete, mjini Tabora, watu walizungumzia klachi. Waliizungumzia asubuhi juu ya uji, wakaizungumzia jioni juu ya ugali, na kila aliyeitaja aliitaja kwa upole, kama mtu anayemtaja mgonjwa aliyelala chumba cha pili. Mzee Masolwa aliwasikiliza wote. Alijua fika kwamba hapakuwa na hata mmoja wao aliyekuwa na ugomvi na klachi.

Ugomvi wao ulikuwa na macho yake.

Jicho la kushoto lilianza kuingia ukungu mwaka juzi, na sasa lilikuwa limefunga. La kulia lilikuwa bado kazini, ila lilifanya kazi kwa kuchagua: vya karibu liliviona, vya mbali liliviotea. Hakumwambia mtu, na wala hapakuwa na haja ya kumwambia mtu, maana mwezi wa nne aliigonga nguzo ya geti lake mwenyewe, geti aliloingilia na kutokea kwa miaka kumi na minne. Alishuka, akaizunguka ile nguzo, akatikisa kichwa, kisha akamlaumu mwashi kwa kuijenga mahali pabaya. Tangu siku hiyo mjini aliendesha kwa kukariri. Kutoka nyumbani hadi sokoni ni kona tano na matuta mawili. Aliyekuwa hatarini ni mwenye bajaji aliyeegesha mahali ambapo jana hapakuwa na bajaji.

Sasa ilikuja safari. Mwanawe Ezekia alikuwa anaoa Ujiji, na upande wa bwana harusi ulitakiwa ufike kwa heshima zake, baba akiwa mbele. Mzee Masolwa alikuwa dereva wa serikali, upande wa misitu, kwa miaka thelathini na moja. Madereva wengi wa Tabora wenye nywele za kijivu walijifunza gia kwa kuchapwa vidole na yeye. Landrova aliyoiendesha kazini ndiyo aliyoinunua mnadani siku alipostaafu, na wawili hao walikuwa wamezeeka pamoja wakizoeana maradhi. Gia ya pili ilikubali kuingia kwa anayejua kuibembeleza tu. Mlango wa dereva ulifunguka ukiupiga bega kwanza. Hakuna mwingine pale nyumbani aliyeweza kuiondosha hata kuipeleka kivulini, na hiyo, kwa Mzee Masolwa, ndiyo ilikuwa sifa yake kubwa. Gari jipya kila mtu angeweza kuliendesha. Na gari ambalo kila mtu anaweza kuliendesha, yeye angepangiwa kiti cha abiria, ashikishwe kapu la maandazi.

Kwa hiyo aliitetea klachi.

Mkewe, Dafrosa, ndiye aliyefungua kesi. Alisema klachi inanuka. Siku iliyofuata Landrova ilikwenda gereji ikarudi na klachi mpya. Binti yao Elieth, anayeuza mbegu na mbolea Igalula na anayeendesha pikapu yake mwenyewe, alikuja Jumamosi akasema breki zinamtia wasiwasi, hasa kwa kuwa atapanda na watoto wake wawili. Mzee Masolwa alimshukuru kwa kuwa mwangalifu, akabadilisha breki zote nne. Dafrosa akaona redieta inavuja, ikazibwa. Elieth akasikia springi zinalia, zikaongezwa bamba. Wakasema mikanda ya viti hakuna. Ikafungwa, hata ya nyuma, myekundu, iliyotolewa kwenye gari la mtu aliyependa mambo makubwa. Kadiri walivyotafuta kasoro ndivyo Landrova ilivyozidi kuwa nzima, na ilipofika Jumatano ya wiki ya pili ilikuwa haijawahi kuwa na afya namna ile tangu itoke kiwandani. Mzee Masolwa aliisimamisha uani, akawaita mkewe na bintiye, akawauliza kama kuna kasoro nyingine. Waliizunguka mara mbili. Elieth alisema rangi imepauka. Alilisema hilo akitazama chini, na baba yake akamwonea huruma kidogo.

Ndipo wakamtumia Hitesh.

Hitesh alikuwa na duka la vipuri karibu na soko, na uani kwake palikuwa na Prado nyeupe iliyotoka bandarini mwezi huohuo, viti vyake bado na plastiki. Alikuwa tayari kuichukua Landrova na kuongezewa cha juu, tena kwa masharti ya kirafiki, kwa kuwa baba yake na Mzee Masolwa walijuana tangu zamani. Mzee Masolwa alipofika, Hitesh alimwamkia shikamoo mara mbili, moja langoni na nyingine kwenye gari. Akamweka kwenye usukani, akabonyeza, kioo kidogo kikawaka kwenye dashibodi kikionyesha yaliyoko nyuma: ukuta, pipa la maji, na paka. Mzee Masolwa alikitazama kile kioo kwa muda mrefu. Aliona mwanga. Alisema ni kazi nzuri, ila gari likishaanza kujitazamia lenyewe, dereva atabaki analipwa kwa ajili gani.

Hitesh angeweza kuishia hapo akauza. Lakini alikuwa mfanyabiashara, na alitaka kumaliza sifa zote.

“Nyepesi sana hii, mzee wangu. Hata dada Elieth atakufikisha Ujiji bila kuchoka.”

Mzee Masolwa alishuka kwenye Prado taratibu, akaufunga mlango kwa adabu, akamuuliza Hitesh hali ya mama yake, Dolatbai, akaomba asalimiwe sana. Kisha akarudi nyumbani akipita kona zake tano.

Zikabaki siku tatu safari ianze. Dafrosa hakulala mchana siku hiyo, na yeye ni mtu wa kulala mchana. Aliwaza nani katika mji mzima wa Tabora anaweza kumwambia mume wake kwamba haoni, na nyumba isibomoke. Yeye hawezi, angeambiwa ameanza kumzika. Watoto hawawezi, baba yao haambiwi hivyo na aliowazaa. Mchungaji alikuwa mwanafunzi wake wa udereva, na hadi leo humwogopa. Mwisho akamkumbuka Idrisa.

Idrisa alikuwa fundi wa magari, Mzaramo wa Kisarawe aliyeolewa na Tabora, kama alivyopenda kusema mwenyewe, maana alikuja kutengeneza lori moja akapata mke na hakuondoka tena. Na Mzaramo kwa Mnyamwezi kama Mzee Masolwa ni mtani. Utani huo ulianza enzi za misafara, babu zao walipokutana njiani na pwani wakiwa na njaa na mizigo, na sheria yake haijabadilika: mtani hukutukana mbele ya wakwe, huja msibani kwako akamwigiza marehemu, hukamata mali yako akaikalia, na wewe huruhusiwi kukasirika. Anayekasirika ndiye mwenye hatia. Mzee Masolwa na Idrisa walikuwa wametukanana kwa miaka ishirini bila kukosana hata nusu siku.

Dafrosa alimwalika kwa kisingizio cha ukaguzi wa mwisho. Alhamisi saa nne asubuhi Idrisa aliingia uani, na kwa kuwa habari za mtani hazifichiki, ndugu na majirani walikuwa wamekwisha kuketi kwenye mikeka kama wanaosubiri pilau.

“Nimeitwa kumtazama maiti,” alisema Idrisa. “Yuko wapi, ni huyu wa chuma au huyu wa nyama?”

“Karibu, mnywa madafu,” alijibu Mzee Masolwa, na moyo wake ukachangamka. “Babu zangu walibeba pembe za ndovu miezi mitatu mpaka pwani. Wakakuta babu zako wamelala chini ya mnazi, wanauliza mbona mmechelewa.”

“Walikuwa wanawahurumia. Mtu anayebeba meno ya mwenzake kichwani mpaka baharini si wa kuamshiwa.”

Watu walicheka. Idrisa akavua viatu, akaingia chini ya Landrova, akatoka, akafungua boneti, akanusa oili, akaiwasha, akaizima, akaibembeleza gia ya pili mpaka ikaingia. Lilimchukua saa nzima zoezi lile, na wakati huo wote hakutania. Alipomaliza alijifuta mikono, akatangaza kwamba hajaona Landrova nzima kama hii mkoa wote, kwamba itakwenda Ujiji na kurudi, na kwamba mtu aliyetaka kuibadilisha na Prado ana ugomvi na akili yake.

Mzee Masolwa alimgeukia mkewe. Alitaka tu kuonja ushindi wenyewe.

“Kilichokufa,” aliendelea Idrisa, “ni dereva.”

Kicheko kilichotoka kwenye mikeka kilikuwa kikubwa kuliko utani wenyewe. Kilikuwa kicheko cha watu waliobanwa wiki mbili. Elieth alicheka mpaka akageukia ukutani. Mzee Masolwa alicheka pia, maana sheria ni sheria, huku akitafuta jibu. Idrisa alikuwa amerudi nyuma hatua kama kumi na tano, hadi kwenye geti, akanyoosha mkono juu.

“Mtani. Hapa nimenyoosha vidole vingapi?”

Mzee Masolwa aliukaza uso. Kule getini palikuwa na kitu kirefu cheusi, na juu yake kingine. Aliotea.

“Vitatu. Sawa na meno uliyobakiza.”

Hakuna aliyecheka. Akajua amekosea, ila hakujua amekosea kwa kiasi gani, mpaka Idrisa alipomsogelea na ule mkono ukaingia kwenye eneo la jicho la kulia. Haukuwa umenyoosha kidole chochote. Ulikuwa umeshika spana.

Hapo palikuwa na nafasi ya kukasirika, na Mzee Masolwa aliiona vizuri kuliko alivyoiona spana. Kama angekuwa mtu mwingine, angemfukuza uani. Lakini huyu alikuwa mtani, na kumkasirikia mtani mbele ya watu wote wale ni kukiri kila kitu. Alikuwa bado anapima maneno pale Idrisa alipoingiza mkono dirishani, akachomoa ufunguo wa Landrova, akautia kwenye mfuko wa shati na kukifunga kifungo.

“Nimekamata,” alisema Idrisa. “Gari hili ni mateka wangu mpaka harusi iishe. Mnyamwezi akitaka kufika Ujiji, atakwenda kwa mguu kama mababu zake, au atapanda kwangu na kufunga mdomo.”

Mikeka yote ikapiga makofi. Mateka wa mtani hadaiwi kwa nguvu, wala mwenye mali haulizwi na mtu kwa nini haendeshi. Mzee Masolwa alilitazama lile shati, karibu kabisa, na kifungo chake alikiona. Akasema Wazaramo ni wezi tangu wanazaliwa, akaingia ndani.

Jumamosi alfajiri waliondoka sita. Idrisa kwenye usukani, Mzee Masolwa kushoto kwake ndani ya mkanda mwekundu, Dafrosa, Elieth, watoto wawili wa Elieth na mahari ya nguo nyuma. Kapu la maandazi hakupewa. Aliliomba mwenyewe, walipopita Urambo, baada ya kukaa saa mbili bila kujua mikono aiweke wapi. Alikosoa kila kitu: Idrisa anakanyaga klachi kama anaua nge, Idrisa anakata kona kama mlevi. Idrisa alijibu kila neno. Baada ya Kaliua, kwa amri ya Mzee Masolwa, waliiacha lami wakashika njia ya vumbi ambayo, kwa maelezo yake, ndiyo waliyopita wapagazi wenyewe. Msitu ukawafunga huku na huku.

Ilipata saa saba mchana aliponyoosha mkono ghafla.

“Simama. Ng'ombe wale, wanataka kuvuka.”

Idrisa alisimamisha gari. Mbele yao, upande wa kushoto, palikuwa na vitu vya kijivu, vikubwa, kama sita hivi. Vumbi likawapita. Injini ikaunguruma polepole. Hakuna aliyezungumza, hata watoto walikuwa wamezibwa midomo kwa mikono ya mama yao. Zilipita kama dakika mbili. Mzee Masolwa alisikia ukimya ule, na bila kuwa na uhakika wa chochote akasema haya, wamepita, twende.

Landrova ikaondoka. Walipofika sawasawa na wale ng'ombe alijigeuza mzima dirishani ili jicho la kulia lipate zamu yake, nalo likawaona vizuri, mkono ungeweza kuwagusa. Vilikuwa vichuguu. Vichuguu sita vya mchwa, vikubwa kama vibanda, na kimoja kilikuwa na mti umeota juu.

Alimtazama Idrisa. Idrisa alikuwa anatazama barabara, uso mkavu kama wa hakimu. Mzaramo aliyepewa nafasi ambayo mtani huiombea maisha yake yote, alikuwa ameimeza. Na hilo ndilo lililomchoma Mzee Masolwa kuliko spana. Mtu humtania mzima. Anayemnyamazia mwenzake amekwisha kumhesabu pamoja na wagonjwa. Kilomita moja ilipita hivyo. Ya pili ikaanza.

“Sema,” alisema Mzee Masolwa.

“Niseme nini?”

“Usininyamazie, Mzaramo. Sema.”

Idrisa alibadilisha gia kwanza. Akabembeleza ya pili, ikaingia.

“Nilitaka kuondoka mapema, mtani. Ila yule wa nyuma niliona ana mimba, nikasema tusimharakishe.”

Aliyeanza kucheka ni Mzee Masolwa. Alicheka mpaka ukungu wa jicho la kushoto ukatoa machozi, na nyuma yake Dafrosa, Elieth na watoto wakafungulia yote waliyokuwa wameyabana. Elieth alijaribu kuomba radhi katikati ya kicheko, baba yake akamwambia aendelee tu kucheka, asije akapasuka mshipa bure kabla ya harusi ya kaka yake. Akajifuta uso kwa leso. Mbele, mahali fulani ambapo jicho lake halikufika, palikuwa na kitu kinachong'aa. Alitaka kuotea. Badala yake akauliza, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayeuliza saa, kile kule ni nini.

“Mto Malagarasi,” alisema Idrisa. “Huo hauvuki, mtani. Hapo tunavuka sisi.”