Boma la Rogers Lisilo na Mlango

Kwenye chuo kimoja pale Katesh, Rogers alisifika kwa uvivu hata kivuli chake kilitangulia darasani, kikamwitikia jina, kikarudi kumwamsha. Hesabu zote za kundi lake alizifanya Mectilda, binti kutoka kijiji cha Tumati. Siku ya kukusanya kazi, Rogers akalifuta jina la Mectilda, akamwambia mwalimu wao, Dokta Philemon, "Huyu dada hajawahi kutokea kwenye kundi."

Mectilda akala sifuri. Kama ile sifuri ingebaki, angerudia mwaka.

Hakulia. Kwao Tumati, watu wakialikana kulima, anayeegemea jembe hatukanwi. Anaachiwa mstari wake katikati ya shamba, magugu yamesimama, wapita njia wajionee. Mectilda aliyataka magugu ya Rogers.

Akahamia kundi la Margwe, mtoto wa wafugaji wa tambarare za Hanang, akangoja. Dokta Philemon alikuwa na utaratibu wake: kundi moja linachagua nani wa kundi jingine asimame ubaoni, na alama atakazopata ni za wote.

"Mnamtaka nani?"

"Kaka Rogers," Mectilda akajibu kwa upole, hadi Margwe akauogopa ule upole.

Swali lilitoka kwenye ile kazi ya kundi: mfugaji ana miiba ya kuzungusha mita mia mbili, anataka boma la pembe nne, kubwa iwezekanavyo, lenye mlango wa mita nne. Rogers akanakili ubaoni kazi ile ile ya wizi: kila upande mita hamsini na moja.

"Mia mbili kugawa kwa nne ni hamsini," Mectilda akasema. "Hiyo moja umeitoa wapi, kaka?"

Rogers akatokwa jasho la kunywesha ndama. "Aa, nimekosea kidogo tu." Akafuta, akaandika hamsini.

"Umeziba mlango!" Margwe akapiga kelele. "Ng'ombe wako wana mabawa?"

Darasa likacheka mpaka mawingu ya mlima Hanang yakashuka kuchungulia dirishani.

"Mlangoni hapawekwi miiba," Mectilda akasema. "Unaongeza zile nne, ndipo unagawa, unapata hamsini na moja. Umeiba, na ulichoiba hukukisoma."

Dokta akamtazama Rogers, akamtazama Mectilda. Sifuri ikahama, ikaenda kwa kundi la Rogers lote, na wenzake wakamgeukia palepale kama nyuki.

Kipindi kilipokwisha, Margwe akachukua dasta. Mectilda akamshika mkono.

"Usifute. Kuna darasa lingine linaingia sasa hivi. Na juu yake andika jina la mwenye boma."