Pini Mdomoni

...basi atamwambia akifika mwisho wa mstari huu, ndiyo, akifika tu pale chini, kwani habari yenyewe imekaa kifuani tangu asubuhi na haijachacha, itakaa kidogo tena, alijiwazia Shangazi, na kidole cha Kitinda kikashuka kwenye skrini, kikasimama, kikapanda tena, mkono wa pili umekandamiza kipande cha karatasi upande wa kulia kama anayezuia panya asitoke, "Usiniambie, Shangazi, na wala usichungulie," naye akasema, "Nichungulie nini mimi, kwa macho gani," wakacheka wote wawili, na kicheko kikamuumiza palepale kilipoishia, kwa sababu binti huyu anacheka kama mtu ambaye kesho atarudi kukaa kwenye kiti hiki... Yeye si shangazi wa mtu humu ofisini, walimpa jina hilo kwa kuwa alianza kuandika programu wengine wao wakiwa bado wanabebwa mgongoni, na Kitinda ni Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho kuajiriwa, kitinda mimba wa kitengo, walimtania hivyo siku ya kwanza, na tangu yeye hajaja mwingine, na hakuna aliyejiuliza kwa nini, hata mimi sikujiuliza, mtu mzima na mvi zangu... "Hapa inahesabu siku," Kitinda alinong'ona, "halafu inatuma ujumbe, sasa kwa nini unachelewa?" maana ni programu ya kuwakumbusha akina mama siku ya kliniki, na kosa lake ni kwamba ujumbe unafika mama ameshakwenda na kurudi, mtoto ameshachomwa sindano, ameshalia na kunyamaza, ndipo simu inaita, kumbuka, kesho ni kliniki. Na jibu liko pale pale, chini ya kikaratasi, limeandikwa na Msaidizi, ndivyo wanavyoiita ile akili mnemba iliyofungwa kwenye kompyuta zote mwaka huu, na kwenye skrini, juu kidogo ya kikaratasi, palipo wazi, kuna swali la huyo Msaidizi, Hebu isome tena polepole, kama unayemsomea mtoto, siku ya kwanza ni ipi? "Ona, Shangazi, anaongea kama wewe, mpaka hiyo hebu!" binti alikuwa amesema, naye alijibu kitu, hakumbuki nini, kwa sababu si kama yeye, ni yeye, maneno ni yake, miaka yote aliyopitia kazi za vijana hakuwahi kumsahihishia mtu kosa, aliandika swali pembeni akaliacha hapo, mpaka mwaka jana bosi akaja na maneno matamu, tupe maswali yako tumfundishie Msaidizi, akasema chukueni, chukueni yote, wakampigia makofi kwenye chumba cha mikutano naye akainama kidogo kama bibi harusi, mjinga mie, nilidhani wananitunza... "Tunabaki na wewe, Shangazi," bosi alisema leo asubuhi huku akikoroga chai, "wewe na Msaidizi mnatosha, kazi za wanaoanza anazimaliza yeye, ila Kitinda mwambie wewe, kabla hajatoka kwenda kula, anakupenda, kwako haitamuuma sana," eti haitamuuma, kana kwamba kisu kikishikwa na ndugu kinapungua makali, naye akauliza, "Na siku nikiondoka mimi, atabaki nani?" na bosi akacheka, hakuwa na ubaya, alicheka kama anayemsifu, "Wewe huondoki, umeshaingia mle ndani," na kijiko kikaendelea kugonga kikombe, ngo, ngo, ngo... Ngo, ngo, si kijiko, ni bosi anagonga ukuta wa kioo, amesimama upande wa pili, ameinua nyusi, tayari? na Shangazi akayahamisha macho yake. "Siku ya kwanza ni ipi," Kitinda anasoma polepole, midomo inacheza, "siku ya kwanza... ngoja, ngoja," na kikaratasi kimeanza kulowa jasho la kiganja, mtoto wa watu, angekiondoa tu angeliona jibu, wenzake wote wanalichukua hilohilo na kwenda zao, kwa sababu Msaidizi anauliza na kujibu kwa pumzi ile ile, swali halijatua, jibu limeshasimama chini yake... na hapo mama yake Shangazi akamjia akilini, bila kuitwa, na cherehani yake dirishani, fundi wa nguo za mtaa mzima, na yeye mtoto ameushona mkono wa gauni nje ndani, mama hakumnyang'anya, alilitandaza gauni magotini akauliza, mkono huu unataka kwenda wapi, mwanangu? kisha akajaza pini mdomoni akanyamaza, na miaka yote hii amezikumbuka zile pini kama kazi, mafundi ndivyo walivyo, lakini siku ile hapakuwa na kitu cha kubana, pindo lilishakwisha, pini zilikuwa za nini basi... alikuwa anajizuia, maskini mama, jibu lilimjaa kinywani akaliziba kwa pini, akaacha mtoto ahangaike na jua lihame kutoka kwenye kitambaa hadi sakafuni, na wateja wanasubiri. Kumbe ndicho nilichokuwa nikiwapa vijana, si maswali, maswali ni maneno tu, ni kule kukaa kimya baada yake, na hicho hakikuandikwa pembeni mwa kazi ya mtu yeyote, hawakukichukua kwa kuwa hawakukiona, hata mimi sikukiona... wala hakitamwokoa binti huyu, tusidanganyane, bosi hanunui kimya, leo ni leo, atakusanya kikombe chake na sweta lake lililo mgongoni mwa kiti, na kiti kitabaki, na baada yake hatakuja mtu wa kungojewa, hilo ndilo linalokata, si kwamba mashine imejifunza, ni kwamba hakuna tena atakayejifunza mbele ya macho ya mwingine. Mlango ukafunguliwa nyuma yao, "Shangazi, vipi, mmeshaongea?" naye, bila kugeuka, akainua kiganja, ngoja, kiganja tu, nao mlango ukasita nusu wazi, atamwambia, atamwambia yeye mwenyewe na hatapunguza neno, ila si kabla, hili kosa ni la Kitinda, alipate kwanza, aondoke nalo likiwa lake. "Niko karibu, Shangazi," binti akanong'ona, kidole kikishuka tena toka juu, "niko karibu kabisa, usiseme," naye akaibana midomo yake, na pini alizihisi zote, baridi, moja kando ya nyingine...