Yuditha Hakuwa Mzembe

Lori lilitushusha porini mwaka 1974, sisi na kuku wetu na vyungu vyetu, tukaambiwa hapo ndipo kijiji chetu kipya. Nyuma yetu mgambo walikuwa wameshaezua nyumba zetu ili tusirudi. Wa kwanza kuuliza alikuwa Yuditha.

"Maji yako wapi?"

Semboja, aliyekwisha kuteuliwa mwenyekiti wetu, alicheka. "Shuka kwanza, mama. Maji yatakuja."

Yuditha alikuwa Mshambaa wa Mashewa, huko Korogwe. Aliletwa kwetu Handeni na ndoa, na mumewe Lukasi alikuwa seremala. Mimi ni Mzigua, Mwislamu, nimezaliwa hapa hapa. Nilipougua baada ya kujifungua Muhidini, maziwa yakanikauka, Yuditha alimchukua mwanangu akamnyonyesha pamoja na wake miezi miwili. Hakuombwa. Alikuja tu, akakaa kwenye kigoda, akasema, "Mlete huyo, Zuena, analia nini na mimi nipo?" Kwa hiyo mtu akinihadithia habari za Yuditha, namsikiliza kwa uangalifu sana.

Kule tulikotoka kulikuwa na kijito kisichokauka hata kiangazi. Hapa palikuwa na mto wa mchanga mtupu, maji yake yamejificha chini. Yuditha alikuwa amesoma hadi darasa la nne, akaandika barua kwa wakubwa. Barua ya kwanza ilikuwa ya adabu, ya pili ilikuwa fupi. Ya tatu alinisomea kabla ya kuituma: "Turudisheni kwenye maji, au mtuletee maji. Watoto wanaharisha." Hazikujibiwa. Lakini Semboja alizijua, maana aliitisha mkutano akamsimamisha mbele ya watu wote.

"Huyu ni kupe," alisema. "Anarudisha nyuma maendeleo."

"Kupe hushiba, mwenyekiti," Yuditha akajibu. "Sisi hatujanywa tangu jana."

Watu wakacheka kidogo, kisha wakaogopa kucheka.

Kiangazi cha mwaka uliofuata tulichimba mchangani. Kwanza maji tuliyakuta kwenye kina cha kiuno, baadaye kimo cha mtu, baadaye zaidi. Aliyekuwa mwembamba alishuka na kata ya kuchotea, akajaza ndoo, na walio juu wakavuta kamba. Asubuhi moja Yuditha alishuka, mimi na jirani yetu Swaumu tukavuta. Ndoo ya nne ilikuwa mikononi mwetu ukingo ulipokatika. Haukupiga kelele. Mchanga ulimiminika tu, kama mahindi yanayotoka guniani, na shimo likawa halipo.

Tulichimba kwa masufuria, kwa vibuyu, kwa kucha. Wanaume walipofika na majembe jua lilikuwa limeshapanda. Tulipomfikia alikuwa bado wa moto, na midomo yake imejaa mchanga. Nilimfuta mimi.

Makaburini Semboja alisimama baada ya mwinjilisti. Alisema marehemu alikuwa mchapakazi. Kisha akasema amekufa kwa uzembe, kwa sababu wanawake walikwisha kukatazwa kuchimba mtoni bila ruhusa.

Kwetu mwanamke hasemi kaburini. Mimi nilisema.

"Nani alitukataza? Siku gani?"

"Kaa chini, Zuena."

"Sikai. Aliandika barua tatu. Wewe ulimwita kupe. Sasa unamwita mzembe, na hawezi kukujibu."

Hakuna aliyeniunga mkono. Swaumu alitazama miguu yake. Lukasi alikuwa akilia, na jioni ileile akatia dole gumba kwenye taarifa iliyosema mkewe hakuwa makini. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Nina watoto, Zuena. Nitafanyaje?" Nilimwelewa, na sikumsamehe.

Taarifa hiyo ndiyo waliyosomewa wazazi wa Yuditha. Nilipojua hivyo nilipanda basi hadi Korogwe, nikalala kwa shangazi yangu, kesho yake nikafika Mashewa. Mama yake, Bi Paulina, alikuwa akipukuchua mahindi uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Zuena. Alikuwa akikutaja." Hakuacha kupukuchua. "Wametuambia alifanya mzaha kisimani."

"Si kweli, mama."

"Ulikuwepo?"

"Kamba ilikuwa mikononi mwangu."

Nikamweleza yote, kuanzia lori. Nilipofika kwenye barua mikono yake ikasimama. Nilipomaliza aliinuka, akatoka nje ya ua, akarudi na majirani saba na mzee wa kanisa, wale wale waliokuwa wamesikia habari za uzembe.

"Rudia," akaniambia. "Usiache kitu."

Nikarudia.

Gari la maji lilikuja kijijini mwezi uliofuata, likaja mara sita, likakoma. Baadaye kidogo kidogo watu walirudi wenyewe karibu na kijito cha zamani, na hakuna aliyewazuia. Semboja alihamishwa akapewa kazi kubwa zaidi. Nasikia alistaafu vizuri, akaagwa kwa hotuba. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza habari za Yuditha, isipokuwa mimi siku ile ya mazishi, na mimi aliniambia nikae chini.