Kaburi la Miono

Mzee Hija alikuwa na ekari nne Mkange, urithi wa baba yake, na nyumba ya udongo aliyoikandika kwa mikono yake pamoja na mkewe, Rukaya. Nyuma ya nyumba, kando ya mikorosho, walimzika mtoto wao wa kwanza, Alawi, aliyekufa kwa surua hajatimiza miaka mitatu.

Wapima ardhi walipokuja, walichimbia vigingi vya zege katikati ya shamba, wakachora X nyekundu ukutani. Barabara kubwa itapita hapa, walisema. Tangu leo asijenge mtu, asipande mazao ya kudumu. Watu wangojee fidia.

Wakangojea. Mwaka wa kwanza kwa hamu, wa pili kwa mashaka, na kufika wa saba hakuna aliyelitaja tena jambo lile. Mvua iliangusha ukuta wa jikoni; Hija akaziba kwa makuti, akiogopa kuambiwa amejenga. Mikorosho mizee ikafa mmoja mmoja, na hakupanda mingine.

Mwaka huo wa saba Rukaya akaugua, akawa hatoki kitandani.

"Baba Sada," alimwambia mumewe, "nikifa nizikeni kwa mwanangu."

"Usiseme hivyo."

"Nasema, ukae ukijua."

Alifariki alfajiri ya Jumanne. Watu walikuwa wanatafuta majembe ya kuchimbia kaburi alipofika Msabaha, mtendaji wa kijiji. Alitoa pole, kisha akamvuta Hija kando.

"Mzee wangu, Mungu akupe subira. Lakini hapa hapazikwi tena. Makaburi yaliyopo yameshaorodheshwa, yatahamishwa. Jipya haliruhusiwi."

Sada, binti yao, alisikia. "Baba, tumzike hapa hapa. Wakija wamkute!"

Hija alitazama vigingi. Msabaha hakumtia hofu. Alimjua tangu mtoto. Alichoogopa ni greda.

"Sitaki mama yako aje kufukuliwa na mashine," alisema. "Twendeni Miono, kwa ndugu zake."

Wakakodi gari, na kabla ya alasiri Rukaya alikuwa ameshazikwa Miono.

Ilipita miaka miwili. Siku moja kijiji kiliitwa mkutanoni, na ofisa kutoka wilayani akasoma barua: ramani imebadilishwa, barabara itapita kwingine, maeneo yote yameachiwa, kila mtu ruksa kuendeleza chake. Watu wakapiga makofi. Hija akasimama, makofi yakafifia.

"Mwanangu," alimwambia ofisa, "mke wangu aliniusia nimzike shambani kwangu. Nikampeleka Miono kwa sababu ya barabara yenu. Sasa nifanyeje?"

Ofisa aliigeuza ile barua, kana kwamba nyuma yake pameandikwa jibu. "Mzee, kwa hilo... tunakupa pole sana."

Kesho yake Hija alikwenda Miono kwa Sheikh Abdillah, aliyemswalia Rukaya.

"Maiti akishazikwa hafukuliwi ila kwa dharura," alisema sheikh. "Uchungu wako naujua, lakini si dharura. Muombee dua."

"Nilivunja wasia wake, sheikh."

"Uliogopa asije akadhalilishwa. Mungu anaijua nia yako."

Hija aliitikia kwa kichwa. Maneno yalikuwa mema, ila hayakumfika pale palipouma. Alikaa kaburini kwa mkewe mpaka adhana ya adhuhuri, akamweleza yote, barua na mkutano, kama alivyozoea kumweleza habari za siku akirudi shamba.

Alipofika nyumbani alimkuta Sada anafagia uani.

"Sheikh amekataa," alisema. "Basi sikiliza, mwanangu. Mama yako yuko na ndugu zake kule. Mimi mtanizika hapa, kwa Alawi. Asiwe peke yake."

"Na mama je?"

"Mama yako ataniuliza mwenyewe," alisema Hija, "nami nitamjibu."

Sada aliuweka ufagio chini, akaketi karibu na baba yake.