Alama Mbili Kila Mwaka

Msimamizi wa mtambo wa kujaza soda alikuwa mtu wa kuogopa midomo ya watu kuliko homa. Mdogo wake, tumbo moja, alipoajiriwa chini yake, kaka mtu aliapa kwamba hakuna atakayemnyooshea kidole kwa upendeleo. Basi kila Desemba, akijaza fomu za utendaji, wengine aliwapa alama nne, hata tano, mdogo wake akampa mbili. Miaka tisa mfululizo. Na huyo mdogo mtu ndiye aliyekuwa akijua kwa mlio tu kwamba mkanda wa kupitishia chupa unakaribia kukwama, akauzima kabla hata chupa moja haijapasuka. Uadilifu gani huo, jamani?

Kisha kampuni yao ikaunganishwa na ile ya bia. Wakaja wageni na kompyuta zao, wasiomjua mtu hata kwa sura, wakasema mitambo miwili itakuwa mmoja na watu kumi na wanne watapunguzwa. Wa kupunguzwa wangechaguliwa kwa zile fomu. Jina la kwanza lilikuwa la mdogo wake, baba wa mapacha ambao hata kutambaa hawajaanza.

Kaka mtu alipanda ngazi mbio, akaingia ofisi ya utumishi bila kubisha hodi. Akaeleza yote, jasho likimtiririka, kwamba alama zile zilikuwa uongo wake mwenyewe. Mama wa utumishi alimsikiliza hadi mwisho, akamgeuzia fomu, akamuuliza kwa upole kama sahihi ile si yake. Ilikuwa yake, kwenye fomu zote tisa.

Alimkuta mdogo wake kwenye chumba cha kubadilishia nguo, anafuta buti za kampuni kabla ya kuzirudisha.

"Usijisumbue, kaka," alisema bila kinyongo. "Kila mwaka nilijitahidi nipate angalau tatu. Mikono yangu ndiyo mizito. Mwingine angeshanifukuza zamani. Asante kwa kunivumilia."

Moyo ulimpasuka kaka mtu. Akajibwaga kwenye benchi.

"Wewe ulikuwa bora kuliko sote. Nilikuandikia mbili kwa kuogopa watu watasema nini."

Mdogo wake alimtazama kwa huruma, akatabasamu, akampigapiga begani kama anayembembeleza mtoto.

"Najua unasema hivyo kwa kunipenda, kaka," alisema, akainama kumalizia buti ya pili.